Ushauri Nasaha wa Tabia Gerezani: Mwongozo kwa Anayeanza Kazi Kisumu, Nakuru au Magharibi

Magereza yetu hayana upungufu wa mahubiri. Jumapili makanisa yanaingia, Ijumaa maustadhi, na katikati ya wiki vinakuja vikundi vya akina mama na katoni za sabuni na tishu. Mfungwa aliyekaa Kodiaga, Gereza Kuu la Kisumu, miaka sita ameshaambiwa abadilike kwa kila sauti na kila lugha. Ukiingia na hotuba nyingine atakusikiliza kwa adabu, atapiga makofi, na atarudi wodini kama alivyotoka.

Kazi ya mshauri nasaha wa tabia ni tofauti. Unachukua zile dakika kumi ambamo mtu aliharibu maisha yake, unazifungua moja moja pamoja naye, kisha unamfanyisha mazoezi ya dakika kumi nyingine zinazomngoja huko mbele. Hatua zilizo hapa chini zote zinaelekea hapo, hata zile zinazoonekana kuwa za makaratasi tu.

Hatua ya 1: Pata karatasi, kisha chagua mlango

Kenya ina Sheria ya Washauri Nasaha na Wanasaikolojia ya mwaka 2014, na iko bodi inayosajili watu wa kazi hii. Kwa hiyo anza na masomo. Upande huu wa nchi huna haja ya kuhamia Nairobi: Egerton kule Njoro, Kabarak, Maseno na Masinde Muliro pale Kakamega vyote vina kozi za saikolojia au ushauri. Unapochagua kozi, uliza kwanza kama ina mafunzo ya vitendo chini ya msimamizi. Diploma ya kusoma vitabu tu haitakusaidia siku mtu mwenye kifungo cha maisha atakapokuuliza, "Na wewe ukiwa mimi ungefanya nini?"

Milango ya kuingilia ni miwili. Unaweza kuajiriwa na Idara ya Magereza, ukapitia chuo cha Ruiru, ukavaa magwanda, kisha ukapangiwa kitengo cha ustawi au ushauri. Ama unaingia kutoka nje: kupitia kanisa, shirika, chuo kinachopeleka wanafunzi wa mazoezi, au kwa kujitolea. Mwenye magwanda anafika kila mahali na halipi nauli, lakini mfungwa humwambia machache, kwa sababu jioni mtu huyo huyo ndiye anayefunga mlango. Wa kutoka nje huambiwa mengi, ila akichelewa langoni au kukitokea msako wodini, siku yake imekwisha. Mimi naupendelea mlango wa pili. Lakini nimewaona maafande wenye kipaji cha kusikiliza kuliko wengi wenye shahada, kwa hiyo usiwadharau.

Barua ya kuomba ruhusa humwendea mkuu wa gereza, na mara nyingi hupanda hadi makao makuu kabla ya kurudi. Ambatisha nakala ya kitambulisho, cheti cha mwenendo mwema kutoka DCI, idara ya upelelezi wa jinai (huombwa kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali), na vyeti vyako vya taaluma. Omba kidogo na uwe bayana: "Kila Jumatano, saa tatu hadi saa tano asubuhi, wafungwa kumi, chumba kimoja, wiki kumi na mbili." Anayeomba "kuwasaidia wafungwa kwa ujumla" huambiwa asubiri, na kusubiri huko hakuna mwisho.

Hatua ya 2: Jua uko ndani ya ukuta gani

Gereza Kuu la Kisumu, ambalo kila mtu analiita Kodiaga, ni la ulinzi mkali, na Naivasha ndani ya kaunti ya Nakuru ni vivyo hivyo. Humo utakutana na vifungo virefu. Magereza mengine, kama Nakuru, Kakamega, Bungoma na Busia, yana mchanganyiko wake, na Shikusa kule Kakamega kuna borstal, yaani taasisi ya kurekebisha vijana, ya wavulana. Ratiba ya wiki kumi na mbili inafaa mtu wa miaka kumi. Ukimpa aliyefungwa miezi mitatu kwa kukosa faini ya chang'aa, ataachiliwa kabla hamjamaliza.

Tofauti kubwa zaidi ni kati ya mfungwa na mahabusu. Mahabusu bado hajahukumiwa. Usizungumze naye habari za alichofanya, wala usiandike popote. Unaweza kushughulikia usingizi wake, hofu yake, ugomvi wake wa wodini, pombe yake. Kesi mwachie wakili. Akianza kukusimulia tukio, mkatize kwa upole: "Hilo litunze kwanza. Karatasi zangu mahakama inaweza kuziitisha." Hapo mwanzoni atashangaa. Baadaye atakuamini zaidi kwa sababu hiyo hiyo.

Hatua ya 3: Langoni

Simu inabaki nje. Kitambulisho kinabaki kaunta. Unaandikwa kitabuni, unapekuliwa, unangoja. Salimia kila afande, mkubwa kwa mdogo, na ujue jina la anayeshika funguo za wodi yako, kwa maana huyo ndiye atakayeamua kama watu wako kumi watatoka kwa wakati au watatoka watatu.

Usibebe kitu kuingia wala kutoka. Barua usibebe, wala namba ya simu kwenye kikaratasi, wala shilingi mia za "kununulia sabuni". Ombi la kwanza daima huwa dogo na la huruma: "Mwalimu, nipigie tu mama, hajui kama niko hai." Huenda ni kweli kabisa. Jibu ni kwamba ofisi ya ustawi inafanya kazi hiyo, na utakwenda pamoja naye kuhakikisha jina lake limeandikwa. Ukilibeba hilo dogo, la pili halitakuwa dogo. Wala namba yako ya simu usimpe yeyote. Kila Mkenya ameshapokea ujumbe wa kitapeli wa "ile pesa tuma kwa namba hii".

Hatua ya 4: Jitambulishe kwa kusema usichokuwa

Kikao cha kwanza wengi hukiharibu kwa kujieleza sana. Mfungwa ana maswali manne tu kichwani, na hatayauliza: Wewe ni mhubiri? Wewe ni wakili? Wewe ni mpelelezi? Wewe ni mfadhili? Yajibu yote manne kabla hajafungua kinywa. Mwambie hukuja kuhubiri, huna uwezo wa kupunguza kifungo, huandiki ripoti ya rufaa, hutoi karo ya watoto, na hupeleki maneno kwa ofisi.

Hili la mwisho lina mipaka yake, na lazima aisikie kwa Kiswahili cha wazi: "Unayoniambia yanakaa kwangu, isipokuwa mambo manne. Ukiniambia unataka kujiua, nitasema. Ukiniambia unataka kumdhuru mtu, nitasema. Ukiniambia mpango wa kutoroka, nitasema. Ukiniambia kuna mtoto anayeumizwa sasa hivi, nitasema." Mwache akurudishie kwa maneno yake mwenyewe. Wengine hucheka wakifika kwa la tatu. Cheka nao, lakini usiliondoe.

Namna ya kumwita pia ni sehemu ya kujitambulisha. Ndani humo mtu ni namba. Muulize angependa aitwe nani. Mwenye mvi mwite mzee, hata kama amefungwa kwa kuua. Akina mama wengi hupenda kuitwa kwa jina la mtoto: Mama Atieno, Mama Nekesa. Mama aliyefungwa akiitwa hivyo, mara nyingi ndipo machozi hutoka kwa mara ya kwanza. Usikimbilie kuyakausha.

Kuhusu maandishi: tumia namba zako mwenyewe badala ya majina, daftari usiliache ofisini kwa mtu, na kumbuka kwamba Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inahesabu habari za afya kuwa nyeti. Mfungwa akikwambia amepigwa na afisa, usigeuke mwanaharakati hapo hapo, wala usijifanye hukusikia. Muulize anataka nini kifanyike na anaogopa nini. Kwa idhini yake, mkuu wa gereza ndiye wa kwanza kuelezwa. Njia hiyo ikiwa imefungwa, iko Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu, yenye ofisi Kisumu na Kitale.

Hatua ya 5: Kagua uhai kabla ya tabia

Mtu aliyekuwa akinywa chang'aa kila siku, akakamatwa juzi, leo anatetemeka, anatoka jasho na anaona vitu visivyokuwepo: huyo hahitaji ushauri nasaha. Anahitaji muuguzi saa hiyo hiyo. Kuacha pombe ghafla kwa mlevi wa muda mrefu huweza kuleta kifafa na kuchanganyikiwa ndani ya siku mbili tatu za kwanza, na kunaweza kuua. Wodini watasema ni uchawi au ni ujanja. Wewe peleka zahanati. Zahanati ikishindwa, afande atafute usafiri hadi hospitali kubwa; Kisumu ni Jaramogi Oginga Odinga, ile ambayo wakazi bado wanaiita Russia.

La pili ni kujiua. Nyakati za hatari zinajulikana: siku za kwanza baada ya kukamatwa, usiku wa siku ya hukumu, rufaa inapokataliwa, na siku habari zinapofika kwamba mke ameondoka na watoto. Uliza waziwazi: "Umefikiria kujiua?" Kuuliza hakumwingizii mtu wazo hilo, humpa nafasi ya kulitua. Zamani hata mtu aliyejaribu na kuokolewa alikuwa mkosaji chini ya kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, na wengi walinyamaza kwa sababu hiyo. Januari 2025 Mahakama Kuu ilitamka kwamba kifungu hicho kinakwenda kinyume na Katiba. Mwambie hivyo, maana habari za aina hii haziruki ukuta haraka.

Hojaji zipo, na tafsiri za Kiswahili zipo pia: PHQ-9 yenye maswali tisa ya huzuni, na AUDIT ya Shirika la Afya Duniani yenye maswali kumi ya pombe. Zisome kwa sauti. Usidhani kila mtu anasoma. Na kwenye AUDIT usiulize "chupa ngapi" kwa mnywaji wa busaa. Uliza mikebe, uliza mrija, uliza walianza saa ngapi na nani alilipa.

Hatua ya 6: Chagua wa kufanya nao kazi

Mwaka 1990 Don Andrews na James Bonta, watafiti wa Kanada, pamoja na wenzao, waliweka kanuni ambazo mpaka leo ndizo uti wa mgongo wa kazi hii. Kwa ufupi: weka nguvu nyingi kwa mwenye hatari kubwa ya kurudia kosa, shughulikia yale yanayozaa kosa na yanayoweza kubadilika, fundisha kwa namna ambayo mtu huyo anaweza kushika.

Kanuni ya kwanza inawasumbua watu wema. Moyo unavutwa kwa yule mpole, anayesali, aliyefungwa kwa bahati mbaya. Lakini yeye hakuhitaji sana, na ukimchanganya katika kikundi kimoja na wenye mazoea ya uhalifu, unaweza kumwacha akiwa mbaya kuliko ulivyomkuta. Mpe kikao kimoja au viwili, msaidie kupanga nauli na siku ya kutoka, kisha nafasi yake mpe yule aliyeingia mara ya nne na hakuangalii usoni.

Kanuni ya pili inakukinga na kuzungukazunguka. Historia ya mtu haibadiliki. Vinavyobadilika ni fikra zinazotetea kosa, marafiki, hasira isiyo na breki, pombe na bangi, mambo ya nyumbani, kazi, na namna anavyotumia saa zake tupu. Chagua viwili kati ya hivyo, si saba.

Hatua ya 7: Fungua mnyororo

Hapa ndipo kazi yenyewe ilipo, na hapa ndipo wengi huharakisha. Muulize mtu kwa nini alifanya alichofanya, atakupa neno moja: hasira, shetani, pombe, umaskini. Neno hilo halina kazi. Unataka kiungo kwa kiungo.

Chukua mfano wa kijana wa bodaboda wa Bungoma aliyehukumiwa kwa kumjeruhi mwenzake. Mazungumzo huenda hivi:

"Nilikasirika tu, mwalimu."

"Kabla ya kukasirika ulikuwa wapi?"

"Stejini, hapo Kanduyi."

"Ulikuwa umekula?"

"Tangu asubuhi, hapana. Siku ilikuwa mbaya."

"Mwenzako alisema nini hasa? Maneno yenyewe."

"Alisema mimi ni bure, hata pikipiki si yangu."

"Uliposikia hivyo, mwili ulifanya nini?"

"Masikio yalishika moto. Mikono ikaanza kutetemeka."

"Na kichwani ulijiambia nini?"

Hapa atanyamaza. Usimjazie. Hesabu pumzi zako kama huna subira.

"Nilijiambia nikinyamaza, kesho hata watoto wataniita bure."

Sasa una kitu. Kuna njaa, kuna deni la mwenye pikipiki, kuna watazamaji wa stejini, kuna masikio yenye moto, kuna wazo, kisha ndiyo rungu. Yeye alikuwa anaona tusi na rungu tu, vimegusana. Chora mnyororo huo chini kwa kijiti, au ubaoni kama uko, na umwache yeye aseme ni wapi ungeweza kukatika. Wengi huanza na mwisho: "Ningeacha kushika rungu." Mrudishe nyuma polepole. Kwenye rungu ni kuchelewa. Penye masikio bado kuna nafasi. Kwenye njaa kulikuwa na nafasi kubwa kabisa.

Kisha lishike lile wazo. Usimwambie ni wazo baya. Muulize: "Ukinyamaza, ni nani hasa angekudharau? Nitajie majina." Atataja wawili. "Na waliokuwa stejini walikuwa wangapi?" Kumi na tano. "Hao kumi na watatu wangefikiri nini?" Wakati mwingine atakwambia hakuwahi kuwahesabu. Hiyo ndiyo tiba ya fikra na tabia ikiwa imevuliwa suti: wazo linalokuja mbio linakaguliwa kama mzigo unavyokaguliwa langoni.

Matusi yenyewe hutofautiana, na ni lazima uyajue. Upande wa Luo na Luhya, mambo ya ardhi, kaburi la baba, na nani alijengewa nyumba bomani huwasha moto ambao mshauri kutoka mbali atauona ni mdogo. Nakuru, mji wenye makabila yote na kumbukumbu za ghasia za baada ya uchaguzi mwanzoni mwa 2008, neno moja kuhusu "watu wenu" linatosha. Muulize yeye ni lipi linalomuuma na kwa nini. Usikisie kwa kabila lake.

Hatua ya 8: Fanya mazoezi, usiongee tu

Kujua mnyororo hakumzuii mtu. Mwili wake bado umezoea njia ile ile, na mwili haufundishwi kwa maelezo.

Tengenezeni sentensi moja fupi ambayo anaweza kuisema akiwa na moto masikioni. Iwe ya lugha yake. Wengine huchagua "Tutaongea baadaye." Mmoja atachagua "Sawa, umeshinda," na mwingine hataweza kamwe kulitamka hilo, kwa hiyo usimlazimishe. Kisha mpe jambo la mwili: kufungua ngumi, kutoa pumzi ndefu, kugeuka upande badala ya kurudi kinyumenyume. Kurudi kinyumenyume mbele ya watu ni aibu, na aibu itamrudisha mbele.

Sasa mwombe mwenzake katika kikundi amtukane. Maneno halisi, siyo "wewe mtu mbaya". Wekeni mpaka kwanza. Kwa kawaida mama wa mtu hatajwi. Rudieni mara tatu, kila mara kwa sauti kubwa zaidi na watazamaji wengi zaidi. Kabla ya kuanza, mwarifu afande aliye mlangoni kwamba mtasikika mkipiga kelele, la sivyo mazoezi yataishia kwa virungu halisi.

Gerezani kuna nafasi za mazoezi kila saa: foleni ya ugali, mfereji mmoja kwa wodi nzima, mtu aliyelalia godoro lako, nyapara, mfungwa msimamizi wa wenzake, anayekupangia usafi wa choo mara mbili kwa wiki moja. Kila mmoja aondoke na zoezi moja la wiki, lenye mahali na saa. "Nitakuwa mtulivu" si zoezi. "Jumatatu kwenye mfereji, akinisukuma, nitasema sentensi yangu na nitakwenda mwisho wa foleni" ni zoezi. Wiki inayofuata anza hapo hapo: lilitokea, au halikutokea? Likiwa lilishindikana, chora mnyororo mpya.

Usipime kwa yale anayokwambia. Wafungwa hujifunza haraka lugha ya kozi, na baada ya mwezi mmoja kila mtu "amejitambua". Muulize afande wa wodi kama mtu huyo amefikishwa ofisini kwa kosa lolote, na usiseme zaidi ya hapo. Mtazame jinsi anavyompokea aliyechelewa kuingia kikaoni. Hilo halidanganyi.

Hatua ya 9: Anayekana

Utakutana na wengi waliofungwa chini ya Sheria ya Makosa ya Ngono ya mwaka 2006, na wengi wao watakwambia hawakukosa. Kijana aliyepewa miaka kumi na mitano kwa msichana wa miaka kumi na sita atasema alikuwa mpenzi wake na kwamba baba ndiye aliyeleta kesi. Usibishane, usikubali. Mahakama imekwisha kusema, na rufaa ina watu wake. Katika baadhi ya magereza wako wafungwa waliofunzwa usaidizi wa sheria.

Mwambie hivi: "Sikuja kuamua kesi yako. Lakini utatoka siku moja, na siku ya kwanza kijijini kutakuwa na wasichana wa shule njiani. Tuzungumze siku hiyo." Umri, ridhaa, nani ana nguvu juu ya nani, kwa nini alipenda walio wadogo kuliko yeye: yote hayo yanaweza kufanyiwa kazi hata kabla hajasema "nilikosa". Kukana mara nyingi ni aibu iliyovaa koti, na aibu ikibanwa hukaza vifungo. Kosa likiwa dhidi ya mtoto mdogo, hiyo ni kazi ya mwenye mafunzo maalumu. Usilichukue kwa ujasiri tu. Na usiwaweke watu wa makosa haya katika kikundi cha wote. Wodini wako chini ya ngazi zote, na siri ikivuja watapigwa.

Hatua ya 10: Kikundi, akina mama, wavulana

Kikundi kiwe cha watu wanane hadi kumi na wawili, wakae duara, nyapara asiwemo kama wengine wako chini yake. Ukipata mfungwa wa kifungo kirefu mwenye heshima na kifua, mfundishe awe msaidizi wako. Wewe uko pale saa mbili kwa wiki, yeye yuko pale saa tatu usiku.

Gereza la wanawake lina mnyororo wake. Mara nyingi kiungo cha kwanza ni kipigo cha miaka mingi, au biashara ya pombe iliyokuwa karo ya watoto. Mazoezi ya hasira si ya kwanza hapo. Kwanza ni watoto: wako wapi, nani anawalisha. Sheria inamruhusu mama kukaa na mtoto wake gerezani mpaka mtoto afikishe miaka minne, na mwezi wa kutengana nao ni wa hatari. Uweke kwenye kalenda yako mapema.

Wavulana wa Shikusa wana umri wa kuanzia miaka kumi na mitano, na borstal haizidi miaka mitatu. Hao wanajifunza haraka kuliko watu wazima na wanasahau haraka vile vile. Fanya mazoezi mafupi, mchezo mwingi, na mzazi au mlezi aitwe mapema. Ukimbadilisha kijana ukamrudisha kwa baba wa kambo yule yule bila mtu kuzungumza na baba huyo, umemwandaa kwa ugomvi wenye sentensi nzuri.

Hatua ya 11: Saa sabini na mbili za kwanza nje

Sheria ya Magereza inampa mfungwa mwenye bidii na mwenendo mzuri msamaha wa theluthi moja ya kifungo, isipokuwa wachache kama wa kifungo cha maisha. Aliyepewa miaka tisa anaweza kutoka baada ya sita. Pata tarehe halisi kutoka ofisi ya kumbukumbu, kwa sababu hesabu za wodini huwa na matumaini mengi, kisha miezi mitatu kabla yake acha kila kitu kingine.

Andikeni saa kwa saa. Lango linafunguliwa asubuhi: nani yuko nje? Kama hakuna, nauli inatoka wapi? Akishuka Kondele, au Kaptembwo, au stejini pale pale Kanduyi, ni nani wa kwanza kumwona, naye atampa nini mkononi? Marafiki wa zamani ndio hufika wa kwanza siku zote, tena na soda na simu ya bure. Sentensi ya kuwakataa ifanyiwe mazoezi kama ile ya mfereji. Analala wapi usiku wa kwanza? Je, mke bado ni mke? Ardhi yake imelimwa na ndugu? Haya si maswali ya kumwachia Mungu, hata kama chaplini ni rafiki yako.

Afisa wa probesheni na chifu wahusishwe kabla, siyo baada. Kama kulikuwa na damu, kuna familia ya pili inayomsubiri, na mara nyingi kuna wazee na taratibu za utakaso au upatanisho ambazo kijiji hakitakubali kuzirukwa. Usizidharau wala usiziongoze. Kazi yako ni kumwandaa atakavyosimama mbele ya watu hao, atasema nini, na atafanya nini wakikataa mkono wake. Wapo watakaokataa. Fanyeni mazoezi ya hilo pia: mwenzake amkatalie mkono mara tatu, naye aseme "nimewasikia", ageuke, aondoke.

Hatua ya 12: Wewe mwenyewe

Tafuta msimamizi kabla hujaanza, siyo ukichoka. Awe mtu wa nje ya gereza hilo, ukutane naye angalau mara moja kwa mwezi, umletee mnyororo wako mwenyewe: ni mfungwa gani unayemngojea kwa hamu, na yupi unaombea asije. Wote wawili wana habari zako. Ukianza kumtetea mmoja wao kwa maafande, au kumletea hata kalamu, mpeleke kwa mshauri mwingine. Na ukitaka kuacha gereza hilo, waambie watu wako wiki nne kabla, umtaje atakayekuja baada yako, na kila mmoja mwachie zoezi lake la wiki inayofuata.